Kushuka Tambach kwa Gia ya Tatu

Nyinyi vijana wa magari yanayojibadilishia gia, mnaoweka D halafu mkono mmoja uko kwa simu na mwingine kwa karanga, leo mtanisikiza kidogo. Najua mtasema Mzee Kimutai ameanza tena. Ndiyo, nimeanza. Nimeendesha malori hapa Eldoret miaka thelathini na moja, goti la kushoto linanisumbua kila asubuhi ya baridi, na nikinyamaza na haya ninayoyajua nitakuwa nimeumia bure.

Nataka kuwaambia habari ya Wangui na lori la baba yake.

Wangui ana miaka ishirini na sita. Alisomea kilimo kule Kesses, akarudi Burnt Forest kulima viazi na baba yake, Ndirangu. Mwezi wa nne mwaka huu alikuja kwangu Langas, akashuka kwa boda, akakataa hata kukaa.

"Mzee, baba anataka kuuza lori," akasema. "Mtu wa vyuma kuukuu ameshakuja kuliangalia mara mbili. Baba amesema hataliuza kama nitalipeleka Biretwo, chini ya mteremko wa Tambach, na mzigo na kulirudisha bila kuliza gia. Amenipa wiki mbili. Amesema nikutafute wewe."

Lori hilo nalijua kama ninavyojua jikoni kwangu. Ni la tani saba, limezaliwa kabla ya Wangui, na gia boksi yake ni ile ya zamani ambayo meno yanakutana na meno, hakuna kitu katikati cha kuyapatanisha. Ndirangu aliliendesha mwenyewe mpaka ugonjwa wa sukari ukammaliza nguvu mguu wa kushoto. Sasa mguu wa kushoto ndio mguu wa klachi, na kwa lori kama hilo dereva bila mguu wa kushoto ni abiria. Akaajiri vijana wawili, mmoja baada ya mwingine, wana leseni safi kabisa. Kwa mwaka mmoja walivunja gia ya tatu mara mbili. Fundi wa hapa Langas aliyechonga ile ya pili alimwambia Ndirangu wazi kwamba mara ya tatu hachongi, chuma cha kufaa hakipatikani tena.

Na bila lori, mkulima wa viazi ni wa kuhurumiwa. Broka anakuja mpaka shambani, anajaza lumbesa, gunia moja limevimba kama mbili, anakulipa moja, na huwezi kusema kitu kwa sababu huna njia ya kufikisha viazi sokoni mwenyewe. Wangui alikuwa amepata wanunuzi wake kule chini bondeni, kule viazi havimei. Lori likienda, wanunuzi wameenda, na amerudi kwa broka. Hiyo ndiyo ilikuwa shida iliyosimama mlangoni kwangu imevaa gambuti.

Lakini mimi nilishtuka kwa kitu kingine. Nilishtuka kwamba Ndirangu amesema nitafutwe. Mimi na yeye tulipakia pamoja miaka mingi, tukikopeshana jeki na chumvi. Halafu yakaja yale machafuko ya baada ya kura. Mimi Mkalenjin, yeye Mkikuyu, nyumba yake ikachomwa na watu wa lugha yangu. Sikuwa hapo, na sikwenda kumwona, nikijiambia nangoja mambo yapoe. Yalipopoa nikaona aibu. Tukawa watu wa kuinuliana mkono barabarani, basi. Miaka hiyo yote. Kwa hivyo msichana wake aliposimama pale, nilijua nimetumiwa zaidi ya mwanafunzi.

"Ulifundishwa wapi kuendesha?" nikamuuliza.

"Mjini, kwa shule ya udereva. Wiki mbili kwa ubao na vigari vya plastiki, halafu pikapu mara kumi."

"Hicho kigari cha plastiki kilikuwa na gia?"

"Hapana, Mzee. Nilikuwa nakisukuma na kidole."

Angalau hakudanganya. Nikamwambia aketi, na chai akainywa.

Sasa sikizeni, nitawapa kitu chenyewe. Gari likienda mwendo fulani kwa gia ya nne, injini inazunguka kiasi. Ukitaka gia ya tatu kwa mwendo ule ule, injini lazima izunguke haraka zaidi. Ukiingiza tu kwa nguvu, meno yanayozunguka pole pole yanagongana na meno yanayokimbia, na ile sauti mnayosikia ni pesa za mwenye gari zikisagwa. Ni kama watoto wakiruka kamba. Kamba inazunguka, na wewe huingii ovyo. Unaiangalia, unatikisa mwili kwa mwendo wake, ukilingana nayo ndiyo unaingia.

Kwa hivyo: kanyaga klachi, toa gia uweke fri, yaani isiwe kwa gia yoyote. Achilia klachi. Ndiyo, achilia, hapo ndipo wengi wanapotea. Klachi ikiwa juu na gia ikiwa fri, piga resi, ipe injini mafuta kidogo ipande sauti. Halafu kanyaga klachi mara ya pili, ingiza gia ya chini, achilia. Ukipiga resi klachi ikiwa bado chini umepiga kelele ya bure, injini inanguruma lakini meno ndani ya gia boksi hayana habari. Wale vijana wawili walikuwa wanafanya hivyo. Wanapiga resi hodari, majirani wote wanajua dereva amepita, na gia ya tatu inakufa.

Magari ya siku hizi yenye klachi yana pete za shaba ndani ambazo zinapatanisha meno, kwa hivyo klachi moja inatosha. Lakini hata huko, ukishusha gia na ukaipa injini mafuta kidogo kabla ya kuachilia klachi, gari halitaruka, mama aliyebeba mayai hatakutukana, na klachi itakaa. Jaribuni, mje mniambie.

Mimi nilifundishwa na Mzee Ouma, mtu wa kutoka kando ya ziwa, mfupi, mbishi, ambaye aliita kila mtu "omera", yaani ndugu, hata mchungaji wa kanisa. Nilikuwa tanboi wake, wa kupakia na kushusha na kuweka mawe chini ya magurudumu. Siku aliyokubali kunifundisha hakunipeleka kwa lori. Alinipeleka nyuma ya stoo, akapanga matofali matatu chini, akachomeka mpini wa jembe ardhini, akanikalisha juu ya debe. Matofali ndiyo pedali, mpini ndiyo gia. Yeye alikuwa injini. Aliimba mwenyewe kwa koo, "mmmmm" ya gia ya nne, na nikikanyaga tofali la mafuta sawasawa alipandisha sauti, nikikosea alikohoa kama gia boksi inayokufa. Wiki tatu. Watu walipita wakituangalia wakafikiri sisi ni wagonjwa.

Miguu ikazoea mpaka ikakosa adabu. Kanisani, mahubiri yakirefuka, mguu wangu wa kushoto ulikuwa unakanyaga chini ya benchi, mara moja, mara mbili. Mke wangu alinifinya mpaka ikabaki alama. Alisema, "Hata ukienda mbinguni utashusha gia mlangoni."

Basi Wangui naye nikampangia matofali. Mimi sina koo la Mzee Ouma, nilipewa sauti ya mbuzi, lakini nilijitahidi. Siku ya kwanza alicheka mpaka akatoa machozi. Siku ya tatu hakucheka tena, alikuwa amefunga macho anasikiliza. Hapo nikaona pengine kuna mtu hapa.

Siku ya tano tukaenda Burnt Forest lilipo lori lenyewe, tukaliingiza uwanja wa kukaushia mahindi. Ndirangu alikuwa ameketi kwa kiti mbele ya nyumba, bakora kando. Tulisalimiana kwa mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka.

Siku hiyo Wangui aliliza gia mara kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu kila mara Ndirangu aligeuza uso upande mwingine. Alikuwa anafanya kila kitu sawa isipokuwa mafuta. Aliyatoa kwa woga, tone tone, kama mtu anayetia chumvi chakula cha mgonjwa.

"Mzee, hii kitu inanikataa," akasema.

"Haikukatai. Wewe ndiye unaiogopa. Zima, nikuambie kitu."

Nikamwambia kisa ambacho hata tajiri wangu wa wakati huo, mwenye lori, hakukijua, na leo mtakijua nyinyi pia. Zamani hizo sisi madereva tulikuwa na tabia moja mbaya. Ukifika juu ya mteremko unaweka fri, unaachilia lori lijiendee, dizeli haitumiki. Ile iliyobaki kwenye tangi jioni uliiuza, ikawa mboga ya nyumbani kwako. Kila mtu alifanya, na kila mtu alijua fulani aliyezikwa kwa sababu hiyo, na tukaendelea kufanya. Mzee Ouma alikataza kabisa kwa lori aliloendesha. Lakini siku hiyo tulikuwa tunashuka Tambach na mbolea, mifuko mia moja na arobaini, mimi nyuma ya stering kwa mara ya nne tu maishani, na Mzee alikuwa amesinzia. Nikasema moyoni, dakika mbili tu. Nikaweka fri.

Lori zito halingoji umalize kufurahi. Kona ya kwanza nililishika kwa breki. Ya pili pia. Kabla ya ya tatu nikasikia harufu ya breki kuungua, na pedali ikaanza kuwa laini chini ya mguu. Nikataka gia ya tatu. Nikasukuma, ikalia vibaya sana, ikanirudishia mkono. Nikasukuma tena. Kulia kwangu ni ukuta wa mawe, kushoto ni bonde lote la Kerio.

Mzee Ouma aliamshwa na hiyo sauti. Hakupiga kelele. Alisema, "Wacha ya tatu. Umeshapita mwendo wake. Tafuta ya nne. Klachi juu. Sasa kanyaga mafuta."

Jamani, lori linakukimbia mlimani na mtu anakuambia kanyaga mafuta. Mwili wote unakataa. Nikakanyaga kidogo.

"Hayo ni ya kuchemsha chai?" akasema. "Kanyaga."

Nikakanyaga mpaka injini ikalia juu kabisa. Klachi, na mpini wa gia ukaingia wenyewe, laini, kama umeitwa. Nilipoachilia klachi injini ikalishika lori kwa nyuma, tukasukumwa mbele wote wawili, na mwendo ukaanza kuanguka. Mahali barabara inapopanuka tukasimama. Magurudumu yalikuwa yanatoa moshi. Nililia, sioni haya kusema, nililia nikijua kazi imeisha. Mzee akashuka, akazunguka lori, akangoja magurudumu yapoe, akarudi upande wake wa abiria. Akasema, "Omera, ukiacha stering leo hutaishika tena. Endesha." Hakuniambia jambo lingine kuhusu siku hiyo mpaka alipostaafu.

Wangui alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hivyo pale unaogopa zaidi ndipo unakanyaga?"

"Pale ndipo unakanyaga."

Akawasha lori. Mara hiyo alitoa mafuta kama mtu mwenye haki nayo. Gia ya tatu ikaingia bila sauti, ya kwanza tangu asubuhi. Sikumsifu, kwa sababu mwanafunzi ukimsifu mapema anaanza kuendesha akikutazama wewe. Lakini niligeuka kidogo nikaona Ndirangu amesimama kutoka kwa kiti.

Siku ya safari ilifika, Jumamosi, siku mbili kabla ya yule mtu wa vyuma kuja. Magunia hamsini ya viazi nyuma, hakuna lumbesa. Nilifikiri tutakuwa wawili, lakini Ndirangu akaja na bakora yake akasema anapanda. Tukamwinua, Wangui upande mmoja na mimi upande mwingine. Akakaa katikati, mimi kando ya mlango. Kebini ya lori hilo haikujengewa wazee wawili wenye mapaja, kwa hivyo tulikaa tumebanana, bega kwa bega, watu ambao kwa miaka hiyo yote walikuwa wanainuliana mkono tu.

Tulipita Eldoret mapema, tukachukua barabara ya Iten, wakimbiaji wa asubuhi wakitupita kando kana kwamba sisi ndio tunatembea. Wangui aliliza gia mara moja, gia ya pili, akitoka kwa matuta. Sauti ndogo tu. Ndirangu hakugeuza uso, aliangalia mbele kana kwamba hiyo haihesabiwi.

Baada ya muda, bila kugeuka, akaniambia, "Kimutai, ulikuwa unapita pale kwangu huingii."

Maneno nilikuwa nimeyatafuta miaka mingi, na hayakuwa mazuri zaidi siku hiyo. "Niliona aibu," nikasema. "Nilipaswa kuja siku ya kwanza. Sikuja. Pole, Ndirangu."

Tukafika Iten. Halafu akasema, "Mimi pia ningeweza kukuita." Wangui alijifanya haoni chochote isipokuwa barabara, na hiyo ndiyo kazi ya dereva.

Juu ya mteremko nilimwambia asimame. Hii pia shikeni: gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla ya mlima kuanza, wakati bado una amani. Yeye akasema angetaka kuanza na ya nne, kwa sababu pale mwanzoni si pakali, kisha ashuke ya tatu kabla ya zile kona. Mimi ningeanza na ya tatu moja kwa moja, na nikamwambia hivyo. "Mzee, nikianza na ya tatu baba hatajua kama naweza kuitafuta kwenye mteremko," akasema. "Na mimi sitajua." Nikamwangalia Ndirangu. Ndirangu akamwambia, "Enda."

Tukashuka. Bonde likafunguka upande wa kushoto, joto likaanza kupanda na kuingia dirishani. Lori likaanza kuwa zito nyuma yetu, uzito ule unaokusukuma mgongo. Nilikuwa nasikiliza injini. Niliona mguu mbovu wa Ndirangu umesogea mbele, unatafuta sakafu. Alikuwa anajiandaa kukanyaga klachi ambayo haikuwepo. Mimi nikahesabu mwendo, nikaona kona inakuja, nikasema moyoni bado, bado, nikafungua mdomo niseme sasa.

Gia ya tatu ilikuwa imeshaingia. Nilikuta injini imeshabadilisha sauti na lori limeshikwa, linashuka pole pole kama ng'ombe aliyezoea njia. Mguu wa Ndirangu ulikuwa bado hewani.

Nilifunga mdomo. Ndirangu akanigeukia, uso wake karibu na wangu.

"Umesikia?" akauliza.

"Sikusikia kitu," nikasema.

"Hata mimi," akasema, na macho yakamjaa machozi.

Biretwo, wanunuzi walipokuwa wakishusha magunia, Ndirangu aliomba simu ya Wangui kwa sababu yake haikuwa na chaji. Alimpigia yule mtu wa vyuma kuukuu. Hakungoja hata turudi nyumbani, wala hakumsalimia kwa urefu. Alimwambia, "Jumatatu usije. Lori lina dereva."